Mzee Hussein Onyango na Bibi Wawili wa Obama

Mwaka 2008 Barack Obama alipochaguliwa Rais wa Marekani, magazeti ya dunia nzima yalijaza picha za Bi Sarah wa Kogelo, yakimwita bibi yake mzaa baba. Wengine hapa pwani waliuliza: ikiwa Bi Sarah ndiye bibi, Bi Akumu naye ni nani? Jibu limo katika maisha ya Mzee Hussein Onyango, na hapo ndipo ninapoanzia.

Mzee Onyango alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 upande wa Kendu Bay, kusini mwa Ghuba ya Winam, ng'ambo ya Kisumu. Baba yake aliitwa Obama, na mama yake Nyaoke. Alikuwa miongoni mwa vijana wa kwanza kwao kuvaa nguo za Kizungu na kusoma. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwatumikia Waingereza, akafika Unguja, na huko akasilimu na kuitwa Hussein. Baadaye alifanya kazi ya upishi katika nyumba za Wazungu. Alikuwa mtu mkali, mpenda usafi na nidhamu.

Sasa tuje kwenye ndoa. Mkewe Helima hakumzalia mtoto. Kisha alimwoa Akumu, aliyeitwa pia Habiba, akamzalia Sarah, Barack na Auma. Barack huyo, aliyezaliwa mwaka 1934, ndiye baba wa Rais. Halafu akamwoa Bi Sarah, na familia ikahamia Kogelo katika Alego, ardhi ya mababu zake.

Mwaka 1945 Bi Akumu alimwacha mumewe akaondoka, na baadaye akaolewa na mume mwingine. Watoto walibaki kwa baba. Bi Sarah alisimulia kwamba binti mkubwa na mdogo wake Barack walitoroka kwa miguu kumtafuta mama yao, wakarudishwa wakiwa hoi. Tangu hapo Bi Sarah ndiye aliyewalea, pamoja na watoto wa tumbo lake.

Majina nayo yaliongeza utata. Sarah walikuwa wawili, mke wa Mzee na binti wa Akumu. Auma pia wawili, shangazi na binti wa kaka yake. Asiyeuliza nani kazaliwa na nani hupotea njiani.

Kwa hiyo, kwa nasaba, bibi wa Rais ni Akumu, ambaye picha yake akimpakata Barack imo kwenye jalada la kitabu cha mjukuu wake. Alifariki mwaka 2006. Bi Sarah alikuwa mke wa babu. Katika sheria yetu mke wa baba ni maharimu ya mtoto, lakini hawarithiani kwa nasaba. Hata hivyo sioni kwamba Rais alikosea kumwita bibi. Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Bi Sarah alifariki hospitalini Kisumu mwezi Machi 2021, akazikwa Kogelo kwa taratibu za Kiislamu, katika boma lenye makaburi ya Mzee Hussein na Barack, mtoto aliyemlea. Kila mmoja na apewe haki yake: Akumu uzazi, Sarah malezi. Mwenyezi Mungu awarehemu.