Ludwig Doll: Mlezi wa mayatima ambaye kazi yake ilifika Mto Tana

NGAO, jirani ya Tarasaa katika Kaunti ya Tana River, ina deni kwa mtu ambaye hakuwahi kuiona.

Ludwig Doll alizaliwa Ujerumani mwaka 1846. Akiwa mchungaji wa Neukirchen, alifungua nyumba ya kulea mayatima mwaka 1878. Alifuata mfano wa George Müller wa Bristol, Uingereza: watoto wapokewe, mahitaji yao yaombwe kwa Mungu, wala asibembelezwe mwanadamu kutoa fedha.

Mwaka 1882, kando ya malezi ya mayatima, alianzisha mafunzo ya wamisionari. Hakujaliwa kumwona hata mmoja wao akisafiri kwenda Afrika, kwani alifariki mwaka 1883, kabla ya kutimiza miaka 40.

Nyumba yake haikufungwa. Mwaka 1887 wamisionari wa Neukirchen walifika kwa Wapokomo na kuweka kituo Ngao. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, alijifunza Kipokomo, akakiandika na kuacha maandishi yaliyochapishwa kwa lugha hiyo.

Hivyo huruma iliyoanzia kwa yatima wa jirani ikavuka bahari, mwenyewe akiwa kaburini.