Dakta Adrian Atiman wa Karema

Sisi tukaao Tabora twakanyaga udongo wa njia ya kale. Njia hiyo ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea mpaka Ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi waliifuata wakichukua pembe za ndovu kwenda pwani, na watumwa wakaswagwa humo humo. Habari hii ni ya mtu aliyeuzwa utotoni, kisha akaenda kwa hiari yake kuelekea bara, katika zama za misafara hiyo hiyo.

Adrian Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo sasa Mali. Angali mtoto mdogo alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Huko Algeria mapadre wa shirika la White Fathers walimkomboa kwa fedha, wakamlea na kumsomesha. Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha shirika hilo, alitaka vijana wa Kiafrika waliokombolewa wawe waganga wa Waafrika wenzao. Basi Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta, akasoma utabibu mpaka mwaka 1888.

Wakati ule Mwafrika mwenye elimu ya namna hiyo alikuwa nadra sana. Wengi wangelitafuta mji mkubwa na mshahara mkubwa. Yeye alivuka bahari hadi Unguja, akajiunga na msafara, akatembea kwa miguu miezi mingi. Mwaka 1889 akafika Karema, ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Hapo palikuwa na ngome iliyojengwa na Wabelgiji, nao waliwaachia mapadre mwaka 1885.

Huko akamwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, na mwana wao Joseph baadaye akawa padre. Kazi ya Atiman ilikuwa mbili katika moja: alitibu wagonjwa, na alifundisha dini. Aliyekuwa na jeraha alifungwa jeraha lake. Aliyehitaji kupasuliwa alipasuliwa. Na aliyetaka kumjua Mungu alifundishwa.

Siku zikapita, na dunia ikabadilika mbele ya macho yake. Wajerumani walitawala, kisha Waingereza. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na safari ya miezi ikawa ya siku chache. Misafara ikakoma, njia ikaota majani. Karema ilibaki mbali na reli, na Atiman akabaki Karema. Alifariki huko mwaka 1956, baada ya kuwatumikia watu wake miaka 67.

Wako wadhanio kwamba maendeleo na uchaji wa Mungu ni mafahali wawili wasiokaa zizi moja. Maisha ya mzee huyu yaonyesha vingine. Elimu ya Ulaya haikumnyang'anya sala zake, wala sala hazikumfanya auweke chini mkasi wa mganga. Imani ilimwonyesha pa kuipeleka elimu yake, na subira ikamweka pale.

Sisi wanafunzi, Waislamu kwa Wakristo, twasoma ili tuendelee, na hilo ni jema. Lakini tukiisha kufaulu, tukumbuke kwamba vijiji vilivyo mbali na reli vingaliko, na wagonjwa na watoto wa kufundishwa wamo humo.