Mfahamu William Booth, kijana wa duka la rehani aliyewatafutia kazi walalahoi wa London

Ukitaja Jeshi la Wokovu pale Dar wengi wanafikiria Mgulani na bendi ya matarumbeta. Ukilitaja Thika, watu wanakumbuka shule ya wasioona iliyoanzishwa mwaka 1946. Lakini yule mzee aliyeanzisha jambo lenyewe, wengi tunamjua kwa jina tu, au kwa ile picha ya ndevu nyeupe ndefu kama nabii. Leo tumwangalie, na hasa upande wake mmoja ambao hausemwi sana, nao ni upande wa ajira.

William Booth alizaliwa tarehe 10 Aprili 1829 Sneinton, pembeni ya mji wa Nottingham, Uingereza. Baba yake alikuwa mtu wa kuhangaikia pesa, akazipata kidogo, kisha akafilisika. Ada ya shule ikakosekana, na William akiwa na miaka 13 tu akapelekwa kujifunza kazi kwenye duka la rehani. Muda si mrefu baba akafariki, mama akabaki na watoto na kiduka kidogo cha kuuza vikorokoro.

Hapa kwenye rehani tukae kidogo, maana ndipo huyu bwana alipoijulia shida. Duka la rehani la enzi hizo lilikuwa benki ya maskini. Jumatatu mama analeta koti la mumewe la kuvaa Jumapili, anapewa shilingi mbili tatu za kula wiki nzima. Jumamosi mshahara ukitoka, anakuja kulikomboa kwa riba. Jumatatu inayofuata linarudi tena. Siku mume akikosa kibarua koti halikombolewi, na baada ya hapo zinafuata shuka, sufuria, pete ya ndoa, mpaka fundi analeta vyombo vyake vya kazi. Na fundi akishaweka rehani randa na msumeno wake, hiyo kazi ataifanyia nini? Kijana Booth alisimama nyuma ya kaunta akiyapokea hayo kwa miaka 6. Aliichukia kazi ile maisha yake yote, hata kuizungumzia hakupenda.

Mwaka 1848 mafunzo yakaisha, na mwenye duka hakuwa na haja naye tena. Akakaa Nottingham karibu mwaka mzima bila kazi, yeye mwenyewe, si wa kusimuliwa. Mwaka 1849 akaenda London kutafuta maisha kama vijana wetu wanavyopanda basi kuja Dar au Nairobi, na kazi pekee aliyoipata ikawa ile ile ya rehani! Aliokoka tangu mwaka 1844 kwa Wamethodisti, na kila nafasi aliyopata alihubiri mitaani. Mwaka 1852 tajiri mmoja mwenye kiwanda cha viatu, Edward Rabbits, akajitolea kumlipa shilingi 20 kwa wiki ahubiri tu. Ndipo akaaga duka.

Mwaka 1855 akamwoa Catherine Mumford, wakajaliwa watoto 8. Catherine hakuwa mama wa kukaa nyuma. Alihubiri hadharani wakati ambapo mwanamke kupanda mimbari ilikuwa kashfa, na wapo wanaosema kichwa cha ile nyumba kilikuwa yeye. Mwaka 1861 wakaachana na kanisa lao lililotaka kumfunga Booth sehemu moja. Mwaka 1865 akaanza kuhubiri London Mashariki, mtaani Whitechapel, karibu na baa iitwayo Blind Beggar. Mwaka 1878 misheni yake ikabatizwa jina jipya la Jeshi la Wokovu. Yakaja magwanda, vyeo, bendi, na yeye akawa Jenerali. Walevi na wenye mabaa waliwachukia vibaya sana. Miaka ya 1880 wafuasi wake walipigwa mawe na kumwagiwa uchafu, na mara nyingine polisi waliwakamata wao waliopigwa, wapigaji wakaachwa.

Sasa ndugu zangu, mpaka hapo Booth alikuwa mhubiri. Migahawa ya supu ya bei rahisi alishawahi kuijaribu kuanzia mwaka 1870 ikamshinda, akaifunga mwaka 1874. Aliamini kwanza roho, tumbo baadaye. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa mwaka 1887 alirudi London usiku wa manane, akawaona watu wamelala chini ya madaraja kwenye baridi, wamejifunika magazeti. Asubuhi akamwita mwanawe Bramwell na kumwamuru afanye jambo. Februari 1888 likafunguliwa bweni la kwanza huko Limehouse, karibu na bandari. Chakula na malazi viliuzwa kwa peni chache, na asiye na peni alifanya kazi kidogo ya kulipia. Vitanda vilikuwa kama masanduku yaliyopangwa sakafuni, watu wenye utani wakaviita majeneza. Lakini mtu alilala ndani, na hakunyeshewa.

Hapo ndipo akagundua jambo ambalo kila anayesaidia watu hugongana nalo. Ukimlaza mtu leo, kesho jioni yuko mlangoni tena. Kitanda kinamalizia usiku mmoja tu. Mtu huyu anahitaji kazi, na ili apate kazi anahitaji awe amekula, ana nguo isiyotisha, na kuna mtu wa kumwambia mwajiri kwamba huyu namfahamu. Basi mwaka 1890 akafungua ofisi ya ajira London. Asiye na kazi anaandikishwa, mwajiri anayetaka mtu anakuja pale, wanakutanishwa. Leo jambo hilo tunaliona la kawaida kabisa, ila serikali ya Uingereza yenyewe ilifungua ofisi zake za ajira nchi nzima mwaka 1910, miaka 20 baadaye.

Oktoba 1890 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya Uingereza gizani na njia ya kutokea. Jina lile alilipindua kutoka kitabu cha Stanley kuhusu Afrika gizani kilichotoka mwaka huo huo, baada ya Stanley kutokea Bagamoyo Desemba 1889. Booth aliwaambia Waingereza kwamba msitu wenye giza uko kwao, mlangoni. Kwa kweli mimi hilo la giza la Afrika silipendi, alilimeza zima kutoka kwa Stanley bila kuuliza. Lakini kibao alichowageuzia wenzake kilikuwa kikali. Alihesabu watu milioni 3, sehemu moja ya kumi ya taifa tajiri kuliko yote, waliozama. Akatoa na mfano wa farasi wa teksi za London. Farasi akianguka barabarani haulizwi kaangukaje, anainuliwa kwanza. Na maadamu anaishi ana banda, ana majani na ana kazi. Booth akauliza kwa nini binadamu asipewe angalau anachopewa farasi.

Wakati kitabu kinatoka mkewe alikuwa hoi kitandani kwa saratani ya matiti. Catherine alifariki tarehe 4 Oktoba 1890, siku chache kabla ya kitabu kuingia madukani. Aliusikia mpango wote akiwa kitandani. Mwandishi wa habari W. T. Stead alisaidia sana kukiandika.

Mpango ulikuwa wa ngazi tatu. Kwanza mjini: bweni, chakula, karakana za kupasua kuni, kuchambua karatasi chakavu na useremala. Pili shambani. Tatu ng'ambo. Aliomba umma paundi 100,000 za kuanzia, na ndani ya miezi michache zikapatikana. Msomi maarufu Thomas Huxley akamshambulia kwenye gazeti la Times kwamba huyu ni dikteta atakayekula hela za watu. Mwaka 1892 kamati huru ikapekua vitabu vya hesabu, ikaona hakuna aliyejinufaisha. Huu ni upekuzi ambao asasi kadhaa za kwetu zenye magari makubwa zingeukimbia!

Shamba lilinunuliwa Hadleigh, Essex, mwaka 1891. Watu waliotoka mabwenini walipelekwa huko kulima mboga, kufuga kuku na kufyatua matofali. Mwanzoni unapata chakula, pa kulala na hela kidogo ya mfukoni, ukionyesha bidii unapandishwa. Wengine walitoroka wiki ya kwanza. Wengine walisimama wakaondoka na ujuzi.

Mwaka huo huo akafungua kiwanda cha viberiti, na hapa namvulia kofia. Viwanda vikubwa vilitumia fosforasi nyeupe, sumu iliyokuwa inaozesha mataya ya wafanyakazi, wengi wao wasichana. Mwaka 1888 wasichana wapatao 1,400 wa Bryant & May waligoma kwa sababu ya mateso yao. Booth akatumia fosforasi nyekundu isiyo na sumu hiyo, na kwa kila maboksi 144 akalipa peni 4 wakati wengine walilipa chini ya 3. Akawatembeza wabunge na waandishi wajionee wenyewe. Kibiashara hakikufika mbali, kiberiti chake kilikuwa ghali na baada ya takriban miaka 10 kikafungwa. Lakini Bryant & May waliacha ile sumu mwaka 1901, na sheria ya mwaka 1908 ikaipiga marufuku.

Sasa upande wa pili wa shilingi, maana hatuandiki hapa habari za malaika. Karakana ya useremala ya Jeshi mtaani Hanbury ilimletea ugomvi mkubwa kuanzia mwaka 1907. Vyama vya maseremala vililalamika kwamba watu wa pale wanapewa chakula, kitanda na vijisenti, huku milango na madirisha wanayotengeneza yanashindana na ya fundi anayelipwa mshahara kamili mwenye watoto nyumbani. Jeshi likajibu kwamba hawa si vibarua, ni watu wanaonyanyuliwa, na wengi wao kazi yao haijafikia kiwango. Mvutano ukaenda miaka mitatu. Nani alikuwa sahihi? Mimi nawaelewa wote wawili, ila naegemea kwa maseremala. Ukimwinua mmoja kwa kumshushia mwenzake malipo, idadi ya walioanguka iko pale pale. Kwenye kiberiti Booth alililijua hilo na akalipa zaidi. Kwenye mbao alilisahau, au hela haikutosha.

Ngazi ya tatu, koloni la ng'ambo, haikutimia kama alivyoota. Jeshi lilisafirisha maelfu ya Waingereza kwenda Kanada kutafuta kazi, lakini lile koloni lake mwenyewe halikusimama. Mwaka 1908 alikwenda kusini mwa Afrika, akiwa na hamu ya kupata ardhi Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Haikuwezekana, na heri yake, maana ardhi ile ilikuwa na wenyewe.

Nyumbani aliongoza kijeshi vile vile. Ballington alijitoa mwaka 1896, Kate na Herbert mwaka 1902, na baba aliwafanya kama wameasi jeshi badala ya wanawe. Emma alikufa kwenye ajali ya treni Marekani mwaka 1903. Mzee hakupunguza mwendo. Mwaka 1904, akiwa na miaka 75, alizunguka Uingereza kwa motokaa akihutubia mji baada ya mji. Mwaka 1907 Chuo Kikuu cha Oxford kikampa shahada ya heshima, yule ambaye ada ya shule ilimshinda.

Macho yalimalizika. Jicho moja liliondolewa, la pili likapasuliwa Mei 1912, likaingia uchafu, akawa kipofu kabisa. Alifariki tarehe 20 Agosti 1912 akiwa na miaka 83. Watu wapatao 150,000 walipanga foleni huko Clapton kuuaga mwili, wakiwemo wengi waliowahi kulala kwenye yale masanduku. Alizikwa makaburi ya Abney Park kando ya Catherine.

Jeshi lilifika Kenya mwaka 1921, na Tanganyika mwaka 1933 kupitia Tabora. Shamba la Hadleigh bado lipo. Mwaka 2012 mashindano ya Olimpiki ya baiskeli za milimani yalifanyika hapo, na siku hizi hupokea vijana wenye ulemavu na wengine ambao soko la ajira limewapa kisogo, wanafundishwa kulima, kupika na kuhudumia wateja.