Mozart: fundi wa muziki aliyeambiwa mara nyingi kwamba hakuna fasi

Kijana anapopeleka barua ya kuomba kazi na kujibiwa kwamba hakuna fasi, mara nyingi anafikiri njo mwisho wa kipaji chake. Kwa wale wanaotaka kuishi kwa muziki, kuchora, kuandika ao kucheza teatre, jibu hilo linauma zaidi, juu kile kinachokataliwa kinafanana na mtu mwenyewe. Wolfgang Amadeus Mozart alijua uchungu huo. Leo korali za Kikatoliki dunia nzima zinaimba Ave verum corpus aliyoitunga, lakini wakati wa uhai wake alizunguka miji mingi ya Ulaya akitafuta kazi ya kudumu, na karibu kila mlango ulifungwa.

Mtoto wa ajabu

Mozart alizaliwa tarehe 27 Januari 1756 mjini Salzburg, ambao leo uko Austria. Baba yake, Leopold, alikuwa mpiga violoni kwa askofu mkuu wa Salzburg, ambaye wakati ule alitawala pia mji na inchi yake. Mtoto alianza kupiga kinanda akiwa mdogo sana. Akiwa na miaka 6 alipiga mbele ya malkia Maria Theresa kule Vienna. Kisha baba yake akamzungusha pamoja na dada yake mkubwa, Nannerl, mpaka Paris na London. Wakubwa walimbeba, wakamshangilia, wakampa zawadi.

Lakini kushangilia mtoto ni jambo moja, kuajiri mtu mzima ni jambo lingine. Mwaka wa 1771, Mozart akiwa na miaka 15, mwana wa malkia Maria Theresa aliyetawala Milano alitaka kumchukua kazini. Alimuuliza mama yake shauri kwanza. Malkia akamwandikia kwamba hana haja ya watu wa bure kama hao, wanaozunguka dunia kama wenye kuomba-omba. Ni malkia yule yule aliyemshangilia akiwa mdogo. Kazi ya Milano ikapotea.

Safari ya kutafuta kazi

Tangu mwaka wa 1772 Mozart alipata mshahara kwa askofu mkuu mpya, Hieronymus Colloredo: gulden 150 kwa mwaka. Ilikuwa kidogo, na ruhusa ya kusafiri ilikuwa ngumu kupata. Mwezi wa Agosti 1777 akaandika barua ya kuomba kuachiliwa. Askofu akajibu kwa kuwafukuza wote wawili, baba na mwana. Baadaye baba alirudishwa kazini, lakini hakuweza kuondoka. Ndipo Wolfgang, akiwa na miaka 21, akatoka Salzburg tarehe 23 Septemba 1777 pamoja na mama yake, Anna Maria. Baba alibaki nyumbani, na akalazimika kukopa makuta kwa ajili ya safari hiyo.

Fasi ya kwanza ilikuwa Munich. Mozart akamvizia mtawala wa kule wakati alipokuwa anajitayarisha kwenda kuwinda, akajieleza kwa haraka. Mtawala akamjibu kwamba hakuna fasi wazi. Mambo yakaishia pale.

Akaendelea mpaka Mannheim, mji uliokuwa na orkestra ya sifa kubwa sana. Huko alipiga mbele ya mtawala Karl Theodor, na watu walifurahi. Alitumaini kupewa makuta, lakini akapewa saa ya dhahabu. Hiyo ilikuwa saa yake ya tano. Wakubwa walikuwa wanamlipa kwa saa, na saa hazilipi nyumba wala chakula. Kuhusu kazi, aliambiwa angojee. Akangojea wiki kwa wiki, akiuliza kila mara bila kupata jibu la wazi. Mwezi wa Desemba njo akaambiwa kwamba haiwezekani.

Kuko pia kosa lake mwenyewe. Mtu mmoja alimwagiza muziki ya filimbi kwa gulden 200. Mozart hakuimaliza yote, na akalipwa gulden 96 tu. Zaidi ya hayo, alikuwa amependa mwimbaji kijana, Aloysia Weber, na alitamani kubaki karibu naye. Baba yake akamwandikia kwa ukali kwamba aende Paris mara moja.

Baridi ya Paris

Walifika Paris mwezi wa Machi 1778. Siku moja Mozart alienda kwa mama mmoja mkubwa wa mji aliyekuwa na kinanda. Akangojeshwa kwa muda mrefu ndani ya chumba kisichokuwa na moto, mpaka vidole vikakufa ganzi. Alipoanza kupiga, mwenye nyumba na wageni wake waliendelea kuchora picha zao. Duke de Guines alimwagiza muziki ya filimbi na kinubi, tena akamfundishisha binti yake, kisha akataka kulipa nusu tu ya masomo.

Hata hivyo, mwezi wa Juni sinfonia yake mpya ilipigwa Paris na watu wakaipenda sana. Alipewa pia nafasi ya kupiga ogani kule Versailles, lakini hakuitaka, juu aliona ingemzika mbali na kazi ya kutunga. Baba yake alikuwa anafikiri tofauti.

Wakati huo mama yake alikuwa anashinda peke yake ndani ya chumba chenye giza, ndani ya mji ambao hakujua luga yake vizuri. Akapata homa. Tarehe 3 Julai 1778 akakufa, Wolfgang akiwa karibu ya kitanda. Usiku ule kijana alimwandikia baba kwamba mama ni mgonjwa sana, kisha akaandika barua ya pili kwa padri rafiki wa familia, akimwomba aende kumtayarisha baba polepole. Alikuwa na miaka 22.

Mwezi wa Septemba akaondoka Paris bila kazi. Alipita Munich ili kumwona Aloysia, ambaye alikuwa amepata kazi ya kuimba. Naye hakumtaka tena. Januari 1779 Mozart alifika nyumbani bila mama, bila mchumba, na familia iko na madeni.

Kilichobakia mkononi

Akarudi kwa askofu mkuu yule yule, kama mpiga ogani, kwa gulden 450 kwa mwaka. Ilikuwa haya kubwa kwake, lakini mshahara ulikuwa mara tatu ya ule wa kwanza. Na safari haikupotea bure. Kule Mannheim alisikia namna orkestra ile ilitumia klarineti, na sinfonia ya Paris njo ya kwanza ambamo aliweka chombo hicho. Alipata pia marafiki kati ya wanamuziki wale.

Kisha jambo likageuka. Karl Theodor, aliyemkatalia kazi Mannheim, alikuwa amerithi utawala wa Munich na kuhamia kule na wanamuziki wake. Mwaka wa 1780 watu wake wakamwagiza Mozart opera. Idomeneo ikachezwa Munich Januari 1781, ikipigwa na marafiki wale wa zamani. Mlango uliofungwa mara mbili ulifunguka kwa njia ingine.

Wiki chache kisha, askofu alimwita Vienna. Mezani alikalishwa pamoja na watumishi wa nyumba, chini ya watumishi wa chumba na juu ya wapishi. Akaomba kuacha kazi. Mwezi wa Juni 1781 mkubwa mmoja wa nyumba ya askofu, Konte Arco, alimtoa nje kwa teke.

Kuishi bila shefu

Mozart hakurudi tena Salzburg kuomba kazi. Alibaki Vienna akifundisha wanafunzi, akiuza muziki iliyochapishwa, akitunga opera na kutayarisha konseri ambazo watu walilipia mbele ya wakati. Mwaka wa 1784 aliandikia baba yake majina ya watu 174 waliolipia konseri zake. Alimuoa Constanze, mdogo wa Aloysia, mwaka wa 1782. Opera yake Don Giovanni ilichezwa kwanza Prague mwaka wa 1787, na mwisho wa mwaka ule mfalme Joseph II akampa kazi ya kutunga muziki kwa gulden 800. Gluck, aliyekuwa na cheo hicho mbele yake, alipata 2000.

Kukataliwa hakukuisha. Wakati wa vita na Waturuki konseri zilipunguka, na Mozart akakopa kwa rafiki mara kwa mara. Mwaka wa 1790 aliomba cheo cha kiongozi wa pili wa muziki ya mfalme; hakukipata. Mwaka wa 1791 alikubali kazi bila mshahara kwenye kathedrali ya Mtakatifu Stefano, kwa ahadi kwamba atamrithi kiongozi wa muziki, mzee Leopold Hofmann. Mozart alikufa tarehe 5 Desemba mwaka ule, akiwa na miaka 35. Mzee Hofmann akaishi mpaka 1793.

Maisha yake hayaonyeshi kwamba kipaji kinatosha, wala kwamba kila anayevumilia anapata cheo. Yanaonyesha kwamba jibu la mkubwa fulani, siku fulani, lilihusu fasi iliyokuwako ao isiyokuwako, makuta na mapendezi yake. Halikupima thamani ya kazi. Mozart alikosea mara ingine, alikasirika, alikosa makuta. Lakini kila alipokataliwa, alikuwa na muziki ingine juu ya meza, haijamalizika, na akairudilia.