Raiffeisen na Deni la Jirani

Kila niwaonapo walimu wenzangu hapa Shanzu wakidhaminiana mikopo, humkumbuka Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1818. Alikuwa meya wa Weyerbusch njaa ilipowakumba wakulima mwaka 1846 na 1847. Aliwachangisha wenye uwezo, nafaka ikanunuliwa, na maskini wakapata mkate kwa mkopo. Hata hivyo, alitambua kwamba hisani haidumu. Mfadhili akichoka, mhitaji humrudia mla riba. Ndipo mwaka 1864, huko Heddesdorf, akaanzisha chama ambamo wakopaji wenyewe walikuwa wanachama, kila mmoja akilibeba deni la mwenzake kwa mali yake yote. Macho yake yalikwisha kufifia, lakini hakuiacha kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1888.

Chama cha akiba na mikopo cha Mwalimu, kilichoanzishwa nchini mwaka 1974, ni mjukuu wa fikra hiyo. Nawaasa wanafunzi wa ualimu: kutia saini ya udhamini si adabu ya urafiki tu. Mkopaji akitoroka, mdhamini ndiye hulipa. Tukiusahau mzigo huo, mlango aliotufungulia Raiffeisen tutaufunga wenyewe.