Abushiri: Aliyenyongwa na Mpangaji

Wengi wetu tulikutana na Abushiri bin Salim al-Harthi kwenye daftari la historia sekondari. Aya moja, labda mbili: upinzani wa pwani, 1888 hadi 1889, akashindwa, akanyongwa, tukageuza ukurasa kwenda kwa Mkwawa. Sisi wa Tanga tuliongezewa kidogo kwa kuwa Pangani ni jirani, kilomita 50 hivi tu ukitoka Usagara. Lakini hata sisi hatukuulizwa swali ambalo mwanachuo yeyote aliyewahi kuitwa kwenye kamati ya nidhamu angeliuliza kwanza kabisa: alishtakiwa kwa sheria ya nani, na aliyemhukumu alipata wapi hiyo nguvu?

Basi tuanze na mtu mwenyewe. Alizaliwa katikati ya karne ya kumi na tisa, baba yake Mwarabu wa ukoo wa al-Harthi, mama yake anasemekana kuwa na asili ya Oromo. Hao al-Harthi walikuwa wakubwa pwani, na hawakuwahi kuelewana vizuri na Mabusaidi, yaani ukoo wa masultani wa Zanzibar. Kijana akaenda bara kama walivyoenda vijana wengi wa pwani wakati ule, akafika Unyanyembe, na huko akapigana upande wa Waarabu dhidi ya Mirambo. Aliporudi alikaa bonde la mto Pangani akalima miwa. Bonde lile lilikuwa na mashamba makubwa ya miwa na sukari yake ilisafirishwa hadi ng'ambo. Waliolima ni watumwa. Hilo nalisema mapema ili tusije tukampaka rangi ya malaika: Abushiri alikuwa mwenye shamba na mwenye watumwa, na alikaa mbali na Zanzibar kwa sababu hakutaka Sultani amwekee mkono begani.

Sasa, haki ilikuwaje Pangani kabla ya Wajerumani? Haikuwa ya mahakama moja yenye jengo na muhuri. Vijijini kesi zilikwenda kwa jumbe: ugoni, wizi, ugomvi wa mipaka ya mashamba, mtu kumjeruhi mwenzake. Jumbe alikaa na wazee, akasikiliza pande zote, na mara nyingi mwisho wake ulikuwa faini au fidia, na yeye mwenyewe akala ada yake. Mambo ya ndoa na mirathi yalikwenda kwa kadhi. Mjini alikuwapo liwali, aliyewekwa na Sultani. Sisemi ulikuwa mfumo wa haki kwa kila mtu. Mtumwa hakusimama mbele ya jumbe sawa na mwungwana, na mwenye mali alijua njia zake. Ila kila mtu alijua mlango wa kugonga, na jumbe aliyezidisha uonevu alijua watu wake watamhama.

Huu ndio mji ulioingiliwa mwaka 1888. Sayyid Barghash alifariki Machi. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Aprili, ndugu yake Sayyid Khalifa akaweka saini mkataba wa kuikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Ndugu msomaji, lishike vizuri hilo neno kukodisha. Kampuni ingekusanya ushuru na kuendesha utawala kwa jina la Sultani. Nchi haikuuzwa. Kila mwanafunzi aliyewahi kupanga chumba nje ya chuo anaelewa tofauti: una ufunguo, unalipa kodi, lakini nyumba si yako.

Agosti mpangaji akaja Pangani. Aliitwa Emil von Zelewski, jamaa mkali ambaye watu walimbatiza jina la Nyundo. Akataka bendera ya kampuni ipandishwe. Liwali Abdulgawi akakataa, maana hakuwa na amri kutoka Zanzibar. Ilikuwa msimu wa Idi ya kuchinja, watu wa mashambani wamejaa mjini kwa sikukuu, na katika kumsaka liwali askari wa manowari wakaingia msikitini na viatu na mbwa wao. Juu ya hayo kampuni ilikuwa imetangaza kodi mpya, na kwamba mwenye ardhi aje na hati kuthibitisha kuwa ni yake. Fikiria mzee wa Pangani, minazi aliipanda babu yake, anaambiwa alete karatasi.

Septemba pwani ikawaka. Zelewski na wenzake walizuiliwa ndani ya nyumba yao na umati wa watu, hadi Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, akaja kuwatoa. Tanga nako kulipigwa mizinga kutoka baharini. Na hapa vitabu vyetu vinatuangusha kidogo, kwa sababu vinaandika kana kwamba Abushiri ndiye aliyewasha moto. Moto uliwashwa na watu wa mashambani, majumbe, vibarua wa misafara, hata watumwa waliotoroka. Yeye aliukuta umewaka akaushika, kwani alikuwa na bunduki, na jina, na mdomo wa kuongea na kila kundi.

Mwenendo wake vitani hauingii kwenye boksi moja. Aliwakamata wasafiri wawili, Hans Meyer na Oscar Baumann, akawatia minyororo na kuwaachia baada ya kulipwa fidia ya maelfu ya rupia. (Huyo Meyer ndiye aliyefika kilele cha Kibo Oktoba 1889, kwa hiyo kabla ya theluji alionja pingu za Pangani.) Lakini Abushiri huyo huyo alimkinga Askofu Smythies wa misheni ya Kiingereza ya Magila, hapa Muheza, umati wa Pangani ulipotaka kumdhuru. Na mapadri Wafaransa wa Bagamoyo hakuwagusa. Wakati huohuo, wapiganaji wa upande wa waasi walivamia misheni ya Pugu Januari 1889 na wamisionari wakauawa. Baadaye, kule Mpwapwa, yeye mwenyewe alikiteketeza kituo cha kampuni na mfanyakazi mmoja wa kampuni akauawa. Hizo ni damu, na mwendesha mashtaka wa nchi yoyote angekuwa na la kusema.

Ila mashtaka yalishaandikwa Berlin kabla hajakamatwa. Serikali ya Ujerumani ilihitaji bunge lipitishe fedha, na bunge lisingekubali kirahisi kulipia makosa ya kampuni ya biashara. Basi vita vikapewa jina la uasi wa Waarabu wafanya biashara ya utumwa, na mapema mwaka 1889 zikapitishwa marki milioni 2 za kukomesha utumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Hermann Wissmann akapewa kazi. Alikuja na askari mamia, wengi wao Wasudani walioandikishwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Tarehe 8 Mei akaivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Julai akaichukua Pangani, kisha Tanga.

Abushiri akakimbilia bara. Aliporudi kuelekea pwani alikuja na Wambunga, nao wakapora vijiji vya watu waliokuwa wakimuunga mkono. Mimi naona hapo ndipo alipoipoteza vita yake, kuliko pale Bagamoyo. Mwanakijiji aliyechomewa ghala haulizi tena nani alianza. Oktoba akapigwa tena, akabaki anazunguka Uzigua na wafuasi wachache mno, na Desemba jumbe mmoja aitwaye Magaya akamkamata na kumkabidhi kwa Wajerumani.

Akapelekwa Pangani. Akahojiwa, akahukumiwa kifo, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa. Yote hayo kwa siku chache tu. Waliomhukumu ni walewale waliopigana naye, aliyekuwa jemadari ndiye aliyekuwa serikali, na hapakuwa na mahali pa kukata rufaa. Kadhi hakuitwa, wala liwali, wala wazee.

Sasa angalia kalenda. Makubaliano kati ya Uingereza na Ujerumani kuhusu Zanzibar na pwani yalisainiwa tarehe 1 Julai 1890. Ni baada ya hapo ndipo Sultani alipoiacha pwani kwa malipo ya marki milioni 4, na Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikaishika rasmi. Maana yake ni kwamba siku Abushiri alipopanda kwenye kitanzi, kwa mkataba wa Wajerumani wenyewe, Pangani ilikuwa bado nchi ya Sultani wa Zanzibar. Mpangaji alimnyonga mtu kwa uasi ndani ya nyumba ya kupanga.

Kama kuna anayesema kosa lilikuwa ukatili na si siasa, amtazame Bwana Heri wa Saadani. Alipigana vita ileile, kwa mwaka uleule na zaidi, na Saadani ilichakazwa. Aprili 1890 akajisalimisha. Hakunyongwa. Alipokewa kwa heshima na kurudishwa mjini kwake, kwa sababu Wazigua walimsikiliza na biashara ilihitaji barabara yenye amani. Miaka 4 baadaye akainuka tena. Watu wawili, vita moja, hukumu mbili, na kilichotofautisha ni nani ana faida akiwa hai. Zelewski naye, aliyevunja heshima ya msikiti, hakufikishwa mbele ya mahakama yoyote kwa ya Pangani. Alipandishwa cheo, na Agosti 1891 Wahehe wakamuua Lugalo.

Kilichofuata kilipanda hadi milimani. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha kule Ushambaani, mtoto wa Semboja, kwa kuamuru auawe mtu aliyetembea na mke wake. Kwa mila ya Washambaa, uamuzi wa kifo ulikuwa wa mfalme. Mimi siitetei adhabu ile hata kidogo, yule aliyeuawa naye alikuwa mtoto wa watu. Lakini wakulima wa Vugha hawakufundishwa kwamba kuua kwa ugoni ni vibaya. Walichokiona ni kwamba mwenye kuua sasa ni mwingine. Mwaka uliofuata ikatoka amri ya kupanga adhabu za wenyeji, na viboko vikawekewa kipimo, 25 kwa mara moja. Ndiyo maana wazee wa pwani waliuita ule utawala wa hamsa ishirini. Kipimo kiliandikwa kwa ajili ya Waafrika tu.

Wissmann alikuja kuwa gavana 1895, kwa muda mfupi. Alipokufa wakamjengea sanamu Dar es Salaam mwaka 1909, amesimama juu, na askari Mwafrika chini akimtazama. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikapelekwa Ujerumani na kusimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Ilikaa pale hadi mwaka 1968, wanafunzi wa chuo hicho walipoifunga kamba wakaivuta chini, na haikurudishwa tena.