John Charnley: Mpasuaji aliyeijaribu plastiki katika paja lake mwenyewe

MGONJWA mmoja aliyekuwa amepachikwa nyonga bandia katika miaka ya 1950 alikuwa na tatizo la ajabu. Kila alipoinama mezani kutwaa kitu, nyonga yake ililia mfano wa bawaba ya mlango iliyokauka mafuta, hata mkewe akawa anakwepa kuketi naye.

Tabibu aliyekisikia kisa hicho, John Charnley wa mjini Manchester, Uingereza, hakukichukulia kama kichekesho. Alijiuliza ni kwa nini kiungo alichojaliwa binadamu na Muumba hakilii, ilhali kile kilichoundwa na binadamu kinalia. Jibu la swali hilo lilizaa taaluma ambayo leo inawapa matumaini hata watu walioharibikiwa na diski za uti wa mgongo.

Charnley alizaliwa Agosti 29, 1911, katika mji wa Bury, eneo la Lancashire lililosifika kwa viwanda vya nguo. Babake alikuwa muuza dawa na mamake muuguzi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Manchester na kuhitimu mnamo 1935. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka alijiunga na kikosi cha matabibu wa jeshi na kuhudumu nchini Misri, ambako alipata kipawa chake cha pili: kubuni na kuunda vifaa.

Baada ya vita alirejea Manchester. Kwa kutaka kuelewa jinsi mfupa uliopandikizwa unavyoungana na mwingine, alimwomba mwenzake amfanyie upasuaji wa kupandikiza mfupa katika muundi wake mwenyewe. Kidonda kiliingia vijidudu, mfupa ukaoza na ikabidi afanyiwe upasuaji tena.

Wengi humkumbuka kwa nyonga, lakini mgongo pia ulimshughulisha. Mnamo 1952 alichapisha katika jarida la Lancet makala kuhusu kiini cha diski za mgongo na jinsi kinavyofyonza majimaji.

Diski hizo ni mito midogo iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Kila moja ina kiini laini mithili ya jeli, kilichozungushiwa nyuzi ngumu. Charnley alipendekeza kwamba kiini kinapofyonza maji kupita kiasi hufura na kuusukuma ukuta wake, na hapo mtu akashikwa ghafla na maumivu makali ya kiuno. Kwa ufupi, aliitazama diski kama mhandisi: kitu chenye shinikizo, maji na mipaka ya uwezo.

Jicho hilo la mhandisi ndilo lililoikabili nyonga iliyolia. Nyonga hiyo ilikuwa ya aina iliyobuniwa na ndugu wawili Wafaransa, Robert na Jean Judet, na ilikuwa na kichwa cha plastiki ya akriliki. Charnley alipima msuguano katika viungo vya asili na kugundua kwamba ni mdogo mno. Akakata shauri kwamba ute wa mwili hauwezi kulainisha plastiki ya kawaida. Kilichohitajika ni kitu kinachoteleza chenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa katika hospitali ya Wrightington iliyokuwa zamani ya wagonjwa wa kifua kikuu, alianza kutumia Teflon, plastiki ileile inayopakwa kwenye sufuria zisizogandisha chakula. Wagonjwa waliokuwa wakijikokota kwa mikongojo waliinuka na kutembea bila maumivu. Takriban watu 300 walipachikwa.

Furaha hiyo haikudumu. Katika muda wa miaka michache tu plastiki hiyo ililika, na chembechembe zake zikachokoza nyama zilizouzunguka mfupa. Maumivu yalirudi. Charnley hakuificha aibu hiyo wala kumsukumia mwingine mzigo. Aliwaita wagonjwa wake na kuwapasua upya, mmoja baada ya mwingine, huku akijua kwamba kila kidonda alichokifungua ni matokeo ya kosa lake.

Mnamo 1962 mchuuzi mmoja alileta kipande cha polithini nzito, iliyotumika kuundia magurudumu yenye meno ya mashine za kufuma nguo. Charnley aliidharau. Fundi wake, Harry Craven, aliiweka kwenye mashine ya majaribio hata hivyo, naye bwana mkubwa akiwa safarini. Baada ya majuma matatu ya kusuguliwa usiku na mchana, ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja.

Safari hii Charnley hakutaka wagonjwa watangulie. Alijidunga pajani vipande vya Teflon na vya polithini, akangoja kwa miezi kadhaa. Teflon iliacha uvimbe ulioweza kuguswa kwa kidole, ilhali polithini haikuleta madhara kama hayo. Novemba 1962 alipachika nyonga ya kwanza ya aina hiyo: kikombe cha polithini, kichwa cha chuma chenye upana wa milimita 22 hivi, na saruji ya akriliki ya kukishikilia.

Hata hapo hakuharakisha kuuza. Wapasuaji waliotaka kukitumia kifaa hicho iliwabidi wafike Wrightington kujifunza kwanza. Aidha, aliwaomba wagonjwa wake waridhie nyonga zao zichunguzwe baada ya wao kufariki, na wengi waliridhia. Alijenga pia chumba cha upasuaji chenye hewa iliyochujwa, na visa vya vidonda kuingia vijidudu vikapungua mno.

Alitunukiwa Tuzo ya Lasker mnamo 1974 na cheo cha Sir mnamo 1977. Alifariki Agosti 5, 1982.

Miaka miwili baadaye, katika hospitali ya Charité mjini Berlin Mashariki, Karin Büttner-Janz, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa mazoezi ya viungo, na mwenzake Kurt Schellnack walileta diski bandia ya mgongo. Ilikuwa na kiini cha polithini kinachoteleza kati ya vibao viwili vya chuma. Yeyote aliyeijua kazi ya Wrightington aliutambua ukoo wake.

Tangu hapo watafiti wamejaribu kukirejesha kiini chenyewe kwa jeli zinazofyonza maji na kufura, zilizokusudiwa kujaza pengo la diski iliyochakaa. Kazi ni ngumu. Diski ya mtu mzima haina takriban mishipa yoyote ya damu, hivyo hupona kwa shida, na baadhi ya viini bandia vilivyopachikwa vilichomoka mahali pake.

Kwa hivyo swali la Charnley lingali mezani. Haitoshi kifaa kumwinua mgonjwa kitandani leo. Sharti ijulikane kitakavyolika na chembe zake zitakavyofanya mwilini baada ya miaka mingi. Yeye alilijibu kwa paja lake, baada ya wagonjwa 300 kumfunza gharama ya kutouliza mapema.